Mtoto wa SS ana mama na ana baba: hesabu ambayo Kanda ya Ziwa tunaikwepa

Ugomvi huwa unaanza hivi, mtoto anakutwa hospitali na sikoseli (SS), ugonjwa wa damu wa kurithi, baba anapiga simu kwao kutoa taarifa, na jibu linalorudi ni "sisi ukoo wetu hauna huo ugonjwa, hebu muulizeni vizuri mama yake." Baada ya hapo maneno hayaishi, wifi anaongea lake, mama mkwe anaongea lake, baba mwenyewe anaanza kulala mwaloni kule kwenye mitumbwi au anahamia Ukerewe kikazi na matumizi yanapungua mpaka yanakata, na mama anabaki na mtoto mgongoni, na gharama, na lawama juu. Mwanza, Geita, Mara, Kagera, stori ni hiyohiyo.

Mimi nasema hiyo lawama ni uongo, na ni uongo unaoua watoto. Na nasema uongo si kwa kuwahurumia akina mama tu, ingawa nawahurumia sana, nasema hivyo kwa sababu namna vinasaba vinavyorithiwa hairuhusu kabisa mtoto wa SS, yaani aliyerithi kopi mbili za jeni ya sikoseli (S), kutokea upande mmoja. Ukimwona mtoto wa SS basi ujue baba alitoa S moja na mama akatoa S moja. Hakuna njia ya mkato hapo.

Twende taratibu maana hapa wengi wanapotea. Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, yaani vifurushi vinavyobeba jeni, 23 za baba na 23 za mama, zimekaa jozi jozi. Kwa hiyo karibu kila jeni unayo mara mbili, kopi ya huku na kopi ya kule. Jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, iko kwenye kromosomu ya 11, nayo unayo kopi mbili. Sasa kwenye sikoseli kilichobadilika ni herufi moja tu ya ile jeni, herufi moja, na kwa sababu hiyo kipande cha sita cha ile protini yenye vipande 146 kinawekwa kingine. Ndo hilo tu. Lakini himoglobini yenye hilo badiliko ikiishiwa oksijeni inagandamana na kuwa kama nyuzi ndefu, chembe ya damu inapinda inakuwa umbo la mundu, inakuwa ngumu, inakwama kwenye mishipa midogo na inakufa mapema. Chembe ya kawaida inaishi siku kama 120, hii inaishi siku kama 10 mpaka 20. Ndo maana mtoto anapungukiwa damu kila mara, ndo maana macho yanakuwa ya njano, ndo maana analia mifupa usiku kucha.

Mwenye kopi mbili nzima tunamwita AA. Mwenye moja nzima na moja ya mundu ni AS, na huyu kwa maisha ya kawaida hana shida, anavua, analima, anazaa, anafika miaka 80 bila kujua chochote. Mwenye mbili za mundu ni SS, huyo ndo mgonjwa.

Kila mzazi akimpa mtoto kopi anampa moja tu kati ya zake mbili, na ipi itoke ni sawa na kurusha shilingi juu. Baba AS anarusha, mama AS anarusha. Nafasi ya zote mbili kuangukia upande wa S ni robo, yaani asilimia 25, nafasi ya mtoto kuwa AS ni nusu, na AA ni robo. Hapa kuna kosa nalisikia mpaka kwa watu waliosoma, wanasema "mmoja kati ya wanne, na sisi tumeshapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wazima." Hapana jamani. Kila mimba inaanza upya, haijui mimba iliyopita ilileta nini. Kuna familia ina watoto wanne na wote wazima na wazazi wote ni AS, na kuna familia ina watatu wagonjwa mfululizo. Ukipiga hesabu, wazazi wawili wa AS wenye watoto wanne wana nafasi kama asilimia 32 ya kutopata mgonjwa hata mmoja. Yaani karibu theluthi ya wanandoa wa namna hiyo wanaweza kuzaa watoto wanne na kuzeeka huku wakiapa kwamba kwao ugonjwa huo haupo, na wote wawili wanaubeba.

Kwa hiyo ile "ukoo wetu hauna" haina uzito wowote. Ukoo unajuaje wakati AS haumwi? S inaweza kupita kutoka babu kwenda kwa baba kwenda kwa mtoto wake bila kuonekana, mpaka siku inapokutana na mwenzake. Halafu tuseme ukweli, ni koo ngapi za huku zilizika watoto wa mwaka mmoja, miwili, mitatu, miaka ya nyuma ikasemwa ni degedege, ikasemwa ni bandama, ikasemwa amerogwa na jirani? Wangapi kati ya hao walikuwa SS hakuna anayeweza kusema leo, ila kusema hawakuwepo kabisa ni kujidanganya, maana mtoto wa SS asiyepata matibabu Afrika hii inakadiriwa zaidi ya nusu yao hawafiki miaka mitano. Mtu aliyekufa na miaka miwili hahesabiwi kwenye historia ya ukoo, anasahaulika, na jina la ugonjwa wake linasahaulika naye.

Sasa njoo kwenye namba za huku kwetu, na hizi ningependa kila mwanaume wa Kanda ya Ziwa azijue. Watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichukua matone makavu ya damu ya vichanga yaliyokuwa yamekusanywa kwa ajili ya kipimo cha VVU kutoka mikoa ya kaskazini magharibi ya nchi, wakayapima sikoseli. Walichokuta ni kwamba kama asilimia 20 ya watoto ni AS, na asilimia 1 na pointi kidogo ni SS. Mmoja kati ya watano! Yaani kwenye daladala ya abiria ishirini kutoka Buhongwa kwenda mjini, kwa wastani wanne wanabeba S na hawajui.

Na angalia jinsi hizo namba zinavyoshikana. Kama mmoja kati ya watano anabeba, basi mwanaume na mwanamke wakikutana tu bila kupimana, nafasi ya wote wawili kuwa wabebaji ni moja ya tano mara moja ya tano, moja kati ya 25. Kisha robo ya watoto wao wanakuwa SS, moja kati ya 25 gawa kwa nne unapata moja kati ya 100. Na kwenye damu halisi ya watoto halisi imekutwa asilimia 1 na kidogo! Kanuni ambayo Gregor Mendel aliitoa kwenye njegere za bustani ya monasteri mwaka 1866 inatabiri kitu kinachotokea wodi ya watoto Mwanza leo. Kama mama angekuwa ndo chanzo peke yake, kama ingetosha mama mmoja kubeba ili mtoto augue, wagonjwa wangekuwa karibu mtoto mmoja kati ya kumi. Sio hivyo. Namba zenyewe zinamtaka baba awepo.

Kwanini sisi? Hapa pia watu wanakimbilia laana, mizimu ya ziwa, dhambi za mababu. Jibu ni malaria. Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya na bado akisomea udaktari, alikuwa anazunguka Afrika Mashariki anachukua damu za watu, akaona kitu cha ajabu, watu wa pwani na watu wa kuzunguka Ziwa Victoria wabebaji wa S ni zaidi ya asilimia 20, wale wa nyanda za juu zenye baridi hawafiki hata asilimia 1. Akaunganisha na mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba AS wana kinga dhidi ya malaria, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kinga hiyo dhidi ya malaria kali inafika kama asilimia 90. Fikiria hilo kwa vizazi na vizazi kando ya ziwa hili, kwenye majaruba na vinamasi, mtoto wa AA anachukuliwa na malaria, mtoto wa AS anapona anakua anazaa. S ikabaki, ikaongezeka. Kwa hiyo wewe unayesoma hii ukiwa Kirumba au Magu inawezekana kabisa uko hai kwa sababu bibi wa bibi yako alikuwa AS akanusurika na homa. Ni damu iliyookoa ukoo, na kwa watoto wachache wanaopata mbili inawaumiza. Na SS mwenyewe msidhani ana kinga, malaria kwake ni hatari zaidi maana damu yake tayari ni kidogo, akiipata inashuka ghafla.

Niguse na ualbino, kwa sababu ni sheria ileile na huku kwetu umeleta msiba mkubwa kuliko sehemu nyingi. Mtoto mwenye ualbino naye anahitaji kopi mbili, moja ya baba na moja ya mama, na wazazi wote wanaweza kuwa weusi tii. Makadirio ya zamani yaliyofanywa Dar es Salaam yalisema mtu mmoja kati ya kama 1,400 ana ualbino. Ukiirudisha hiyo hesabu nyuma unakuta wabebaji wanakuwa kama mmoja kati ya 19, yaani kwenye darasa moja la shule ya msingi Mwanza unaweza kuwa na watoto watatu, wanne, watano wanaobeba na ngozi zao hazionyeshi chochote. Lakini mama akijifungua anaambiwa alitembea na mzungu, au kuna kitu alikifanya, na baba anaondoka. Halafu kutoka hapo, ukishasema huyu mtoto hakutokana na mimi, si wa damu yetu, umeshamtoa kwenye ubinadamu, na wale waliotaka viungo vyake kwenye miaka ile ya kuanzia 2006, 2007, Mwanza na Shinyanga na Geita, walimkuta ameshaachwa bila mlinzi. Mimi sitenganishi hayo mambo mawili. Kumkana mtoto kulikuja kwanza, panga likafuata.

Nisije nikaonekana napindisha sayansi ili nitetee upande mmoja, yapo magonjwa ambayo kweli yanapita kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume. Himofilia ni hivyo, ugonjwa wa damu kutoganda. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, mwanaume ana X moja tu na anaipata kwa mama, kwa hiyo mama mbebaji ambaye haumwi, nusu ya watoto wake wa kiume wanaweza kuugua na nusu ya mabinti wakabeba. Mfano mkubwa duniani ni yule malkia wa Uingereza ambaye mpelelezi Mwingereza Speke aliliita ziwa letu kwa jina lake alipofika hapa maeneo ya Mwanza mwezi wa 8 mwaka 1858. Victoria alikuwa mbebaji, mwanae Leopold aliugua akafa 1884, na mabinti zake wakaipeleka mpaka nyumba za kifalme za Hispania na Urusi. Malkia wa dola yote ile hakuchagua, hakufanya dhambi, hakujua. Basi kama hata pale ambapo ni mama kweli hakuna kosa, hili la sikoseli ambalo ni la wote wawili tunapata wapi ujasiri wa kumfukuzia mtu?

Tuje kwenye vipimo, maana hapa ndo nina hasira kidogo. Watu wengi wakiambiwa wapime damu kabla ya kuoana wanaenda kupima VVU na grupu la damu. Wanarudi na karatasi, mmoja O mwingine B, wanafurahi, "tumeendana." Grupu la damu halikwambii chochote kuhusu S. Unaweza kuwa O, A, B, chochote, na ukawa AS. Na hata kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama damu inapinda, kinachofanyika maabara ndogo nyingi, kinaweza kuonyesha kwamba S ipo lakini hakitofautishi AS na SS, kwa hiyo kuna watu wenye afya kabisa wameambiwa ni wagonjwa wa sikoseli na kuna wagonjwa wameambiwa wanabeba tu. Kinachohitajika ni kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Muulize daktari waziwazi, mwambie nataka kujua kama mimi ni AA au AS au SS, usikubali jibu la "damu yako nzuri."

Na wanaume tupime. Kliniki ya sikoseli ukiingia ni akina mama tu benchi zima, mmoja mmoja labda na bibi wa mtoto. Baba anayekwepa kipimo hakwepi S yake, kama mtoto ni SS yeye ni mbebaji tayari, karatasi haibadilishi. Anachokwepa ni kujua. Akishamwacha huyu mama akaenda kuoa mwingine kwa kuamini kwamba "tatizo" ameliacha nyuma, anaenda na S yake ileile kwa mwanamke mwingine ambaye naye ana nafasi moja kati ya tano ya kuwa AS. Hii nimeona watu wanashtuka ukiwaeleza, kama vile ni mara ya kwanza wanafikiria kwamba jambo hilo linatembea nao.

Kuna wanaosema dawa ni makanisa na misikiti ikatae kufungisha ndoa za AS na AS. Nawaelewa, wameona watoto wakiteseka, na kule Nigeria makanisa mengi yanadai cheti cha kipimo. Mimi sikubaliani nalo kwa hapa kwetu. Kwanza wengi wa huku wanaanza na mtoto, ndoa inakuja baadaye kama itakuja, kwa hiyo mlango unaoulinda watu wameshapitia dirishani. Pili, kisiwa cha Kupro ambacho watu wanakitolea mfano, kilikuwa na tatizo la talasemia, ugonjwa mwingine wa himoglobini unaorithiwa vilevile, na kanisa lao likadai cheti tangu miaka ya 1980, na kweli watoto wagonjwa walipungua karibu kuisha, lakini kanisa halikuzuia ndoa, wanandoa wengi waliokutwa wote wabebaji walioana hivyohivyo, kilichopunguza ni kumpima mtoto akiwa bado tumboni na kuamua mapema kama mimba iendelee, jambo ambalo kwa sheria na imani zetu ni mjadala mwingine mzito. Tatu, na hili ndo linaniuma, ukitangaza kwamba AS ni mtu wa kukataliwa ndoa, unadhani nani atakataliwa? Binti. Kijana atapata kwingine, binti ataitwa mwenye damu mbaya kijiji kizima. Watu wapime, wajue, waamue wenyewe kwa siri yao na heshima yao.

Ambacho ningekipigania kwa nguvu zote ni kupima vichanga, kila kichanga cha Kanda ya Ziwa, tone moja la kisigino. Sababu ni kwamba mtoto wa SS anazaliwa mzuri kabisa, bado ana himoglobini ya alipokuwa tumboni mwa mama ambayo inamlinda, na inapungua taratibu mpaka kwenye miezi sita hivi ndo vidole vya mikono na miguu vinavimba, analia, na familia inaenda kuchanja chale. Ukijua mapema unamuanzishia dawa ya penisilini ya kila siku kumkinga na bakteria, anapata chanjo zote hasa ile ya nimonia, asidi ya foliki, neti na kinga ya malaria, na mama anafundishwa kushika bandama tumboni kuona kama inakua ghafla. Vitu vya bei ndogo vyote hivyo. Halafu kuna haidroksiyurea, inaamsha tena ile himoglobini ya tumboni mwa mama, inapunguza maumivu na kuongezewa damu, na Bugando wamefanya utafiti wa kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwa ya watoto na kuwapa dawa hiyo walioonekana kuwa hatarini kupata kiharusi. Hizo tiba za kurekebisha jeni zilizoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 zinagharimu zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, si za kumwambia mama wa Nyamhongolo asubirie.

Tiba nyingine inayoponya kabisa ni kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na hii imeshaanza kufanyika hapahapa nchini, hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma. Mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa mtoto wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya uloto wa kila ndugu kuendana na wake ni robo, tena hata ndugu mwenye AS anaweza kutoa. Ndugu wa mama mmoja tu, au wa baba mmoja tu, ni mara chache sana kufanana. Kwa hiyo daktari anapokaa na faili la mtoto kuangalia kama kuna njia, anauliza ndugu wa tumbo na mgongo mmoja wako wangapi, wana afya gani, baba yuko wapi, anaweza kuja lini kutia saini na kupimwa. Akina baba, mkipigiwa simu hiyo, pokeeni.